Shavu la Hamad

"Hiyo bunduki itoke kwa hii nyumba, ama itoke na wewe!"

"Bunduki ipi, dada Gakii? Nshakwambia, ule ni ubao. Ubao mtupu!"

"Ubao gani unakoki? Wewe Khalfan, usinione na uniform ya mall ukadhani nilizaliwa nikifungulia watu mlango. Nimepitia kambi ya Gilgil mimi. Nimelala na bunduki, nimekimbia na bunduki, nimeosha bunduki mpaka ikang'aa kama sufuria. Hiyo sauti naijua. Kach-kach! Mchana nikilala nimetoka night shift, kach-kach! Nyuma ya kichwa yangu!"

"Mchana mie n'ko Industrial Area, kazini. N'takoki vipi?"

"Hapo sasa!" Gakii akapiga makofi. "Hapo ndio umeniua. Kama wewe hauko, ni nani anakoki?"

Khalfan akageuka kuutazama mlango wa chumba chake. Nami niliyekuwa nachambua mchele nikauacha mchele.

Tulikuwa kwenye hoshi, ule uwanja wa ndani ya ukuta wa nyumba yetu ya Al Wukair, huku kwa Waarabu, Jumatatu jioni, joto bado limekalia vifua vya watu kama deni. Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ya familia moja. Sasa imekatwakatwa kwa bodi za jipsamu, kila chumba na nchi yake na harufu yake ya mboga. Mimi na mume wangu Athumani, watu wa Tanga, tuko chumba cha mbele karibu na jiko, na jiko ni langu, mtu asikudanganye. Nyuma wako Gakii na mumewe Herbert, Wakenya, Wameru. Ubavuni mwao ndiyo yuko Khalfan, fundi seremala, mtu wa Wete, Pemba. Kati yao ni bodi nyembamba kiasi kwamba Khalfan akipiga chafya Herbert humwombea afya.

"Dada Mwana," Gakii akanigeukia mimi, "wewe ndio mkubwa wa hapa. Mwambie. Ijumaa jua ikishuka kama hicho kitu iko hapa, namwambia mandub. Sitaki kesi. Mimi niko na watoto nyumbani."

Herbert, aliyekuwa amekaa mlangoni na singilendi yake akipoza miguu, akasema polepole, "Na mandub hatauliza kama ni ubao."

Huyo Herbert haongei mara mbili kwa wiki, lakini akiongea unatamani angenyamaza. Kwa sababu ni kweli. Mandub ni yule msimamizi wa mwenye nyumba, anapita kukagua vyumba na funguo zinalia kiunoni. Neno bunduki likimfikia sikioni, katika nchi ya watu, hakuna atakayekaa kusikiliza habari za mbao. Khalfan angerudishwa kwenye kambi ya kampuni kule Industrial Area, kitanda cha juu, watu wanane chumbani, na hapo ni kama ameponea polisi. Alikuwa amehangaika sana kupata kile chumba. Alikuwa ameweka hata pazia.

"Ijumaa mzee anakuja kukichukua," Khalfan akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wallahi, Ijumaa kinatoka."

"Na kisipotoka?"

Khalfan akaingia chumbani kwake, akavuta pazia.

Sasa nieleze, maana mnajiuliza seremala na bunduki wapi na wapi.

Mimi ni mpishi kwa Bu Hamad, mzee mmoja wa Al Wakrah. Bu Hamad maana yake baba yake Hamad. Waarabu wa huku mtu akipata mtoto wa kiume wa kwanza jina lake mwenyewe linawekwa kabatini, anaitwa kwa jina la mtoto mpaka anakufa. Sasa mtoto akitangulia? Ndiyo hapo. Hamad alipinduka na gari kwenye vichuguu vya mchanga, kashta ya wakati wa baridi, vijana wanne wamekwenda kupiga hema na kuchoma nyama. Watatu walitoka wanakung'uta nguo. Mzee wakati ule alikuwa Ulaya anatibiwa moyo, na huku maiti halazwi usiku. Aliosha mjomba, wakaswalia, wakazika, na mzee alipotua uwanja wa ndege alipelekwa moja kwa moja kuonyeshwa kichuguu cha mchanga na jiwe. Tangu siku hiyo kila anayemsalimia, "Bu Hamad, habari ya asubuhi? Bu Hamad, karibu kahawa," anamtajia mwanawe. Mimi nikiwa jikoni nasikia, nasema, jamani, hawa watu hawana jina lingine la kumwita?

Ndani ya lile gari mlikuwa na bunduki ya Hamad. Si kubwa. Ni ile ndogo ya risasi nyembamba kama kipande cha kalamu ya risasi, wanapigia makopo shambani na shabaha za karatasi. Chuma kilipona. Mbao yake, kuanzia kitako kinachokaa begani mpaka pale mkono wa mbele unaposhika, ilipasuka kwa urefu. Miaka miwili ilikaa hivyo. Mwaka huu mzee akaniuliza, Mwanahamisi, kwenu Zanzibar si ndiko kwa mafundi wa milango? Nikamwambia mimi wa Tanga, ila fundi ninaye, jirani yangu, anachonga majlisi za watu, sebule zao za wageni, mpaka maua yanataka kunukia. Akamchukua Khalfan kwenda naye shambani.

Chuma hakikutoka kwa mzee hata siku moja. Kina kibali na kinalala kwenye sefu. Kazi ya kuchimba ule mfereji ambamo mtutu unalala, Khalfan aliifanya kulekule shambani asubuhi za Ijumaa, mzee amekaa kwenye kiti anamtazama. Nyumbani alikuja na mbao tu, ile ya zamani iliyopasuka na gogo jipya, apate kuchonga na kupiga msasa akitoka kazini. Kwa hiyo Khalfan alikuwa anasema kweli, na Gakii naye alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Jumatano nilitoka kazini mapema. Khalfan naye alikuwa nyumbani, kaomba ruhusa, anasema kichwa. Nikamgongea Gakii, nikamwambia mwenzangu, amka, twende ukaone kwa macho yako tumalize maneno. Akatoka na kitambaa cha kulalia kichwani, uso umevimba usingizi, lakini akatangulia yeye. Mlango tukauacha wazi, maana mimi ni mke wa mtu na watu wana midomo. Najua, wangu mmojawapo.

Gakii alipekua kile chumba kama anapekua mabegi ya watu getini. Alinyanyua godoro, akapapasa nyuma ya kabati, akachungulia ndani ya kipoza hewa na tochi ya simu. Akafungua sanduku la vifaa: patasi, tupa, randa, msasa, chupa ya mafuta ya kitani. Hakuna chuma cha bunduki. Hata skrubu. Nilidhani atatulia. Kumbe kila alipokosa ndivyo alivyozidi kupauka.

"Ningeipata ingekuwa afadhali," alisema.

Mbao zote mbili zilikuwa juu ya kitanda, zimelazwa kwenye kanga. Ya zamani nyeusi, na ufa umepita katikati. Mpya ilikuwa ya rangi ya asali, mti wa msidri ulioanguka wenyewe shambani kwa mzee. Msidri wao ndio mkunazi wetu. Mwenzangu, ilikuwa nzuri, sikudanganyi, ilikuwa nzuri mpaka unaona haya kuitazama. Lakini kulikuwa na kitu. Upande wa kulia wa kitako, pale mpigaji anapolaza uso, palikuwa na kibonde. Si kibonde cha patasi. Kibonde laini kama cha mto mtu aliponyanyua kichwa sasa hivi. Na pale gumba linapozunguka shingo ya mbao, palikuwa pameliwa kidogo. Na chini, alama ya kucha.

Nikatazama ile ya zamani. Kibonde kilekile. Gumba lilelile. Kucha ileile.

"Khalfan," nikasema, "mbona umechonga na uchakavu?"

"Ndivyo nilivyofunzwa mie," akasema. "Bwana Mkubwa wangu kule Wete, ukiletewa mlango wa watu uurejeshe, hutazami kwa jicho. Unafumba, unapapasa. Pale bibi wa nyumba aliposukuma kwa kiganja miaka yote, unaliweka lile bonde. Usipoliweka, wenyewe wanakwambia huu si mlango wetu. Nimechonga hii nimefumba macho, da Mwana."

"Lakini nani kakwambia urejeshe?"

"Mzee. Kanipa ile ya zamani mkononi, kanambia hadha haqq Hamad. Haki ya Hamad. Nami najua haki ya maiti, haipunguzwi hata chembe. Nikasema n'tampa haki yake yote."

Nilikaa kwenye kona ya kitanda. Khalfan kasoma chuo, kahitimu juzuu na vitabu, Kiarabu chake ni cha msikitini. Changu ni cha jikoni. Na jikoni, hagg si haki. Ni ya. Tu. Mtoto akiokota kiatu anauliza hagg man, yaani ya nani. Hagg Hamad: ya Hamad. Mzee alikuwa anamwonyesha fundi kipande kibovu, anamwambia hii ilikuwa ya Hamad, chukua mfano.

"Bunduki ni ya Moza," nikamwambia. "Binti yake. Ndiye aliyebaki. Anataka kwenda nayo kashta mwaka huu, na mama yake amelia wiki nzima, na mzee kasema mwacheni. Nyumba nzima inajua, Khalfan. Nilidhani mzee mwenyewe kakwambia."

"Moza."

"Moza. Anapiga kwa mkono wa kulia kama watu wote. Hamad ndiye alikuwa wa kushoto. Kula alikula kwa kulia, alilelewa, lakini kalamu, mpira, bunduki, vyote kushoto. Ndiyo maana bonde liko huku. Moza akiweka uso wake utakaa upande wa pili, na mkono wake ni mfupi, kitako kitampiga."

Khalfan alikaa chini, pale sakafuni. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, na vumbi la mbao kwenye nywele.

"Nimemchonga mtu," akasema. "Nimemchongea mahali."

"Ni lini ulimaliza hiyo shimo ya uso?" Gakii akauliza. Sauti ya ugomvi ilikuwa imemtoka.

"Wiki iliyopita. Alkhamisi."

"Alhamisi ndio ilianza."

Kipoza hewa kilikuwa kinavuma. Chumba kilikuwa baridi kama duka la nyama. Khalfan akasema bila kuinua uso, "Wekeni mkono pale shavuni." Gakii alirudi nyuma hatua. Mimi udadisi utaniua siku moja. Nikaweka kiganja. Mbao yote ilikuwa baridi, imekula hewa ya mashine. Kibonde kilikuwa na joto. Si joto la jua, jua halikuwepo. Joto la mwilini.

Niliondoa mkono nikaufuta kwenye dera, na bado nililisikia lile joto.

"Basi toa," nikasema. "Lisawazishe hilo bonde, fupisha kitako, kiwe cha Moza. Una leo na kesho."

Akanyanyuka. Mtu wa kazi hata akiwa na hofu mikono yake inajua njia. Akaibana mbao kwenye kibanio, akachukua randa ndogo, ile ya kukumbatia mviringo, akaisogeza. Ulimi wa randa ulikuwa haujagusa.

Kach.

Ndani ya chumba. Baina yetu watatu. Safi kabisa, chuma juu ya chuma, kama komeo limesukumwa na mtu asiye na haraka. Halafu tukangoja ya pili, maana zinakwenda mbili, kufungua na kufunga. Haikuja. Kungoja kule ndiko kulikokuwa kubaya.

Khalfan aliiweka randa chini taratibu, kama mtu anayeonyesha kwamba mikono yake ni mitupu.

Gakii alikuwa ameshafika hoshini. Akatuita kutoka huko. "Ijumaa! Sijabadilisha! Khalfan, mimi sikuchukii, lakini Ijumaa!"

Alhamisi mimi nilikuwa na mapumziko, na Khalfan hakurudi mpaka usiku mkubwa. Chumba kilibaki kimefungwa. Gakii alihamisha godoro lake akalala jikoni kwangu, na mimi, ninayependa watu, nilifurahi kwa mara ya kwanza kukanyagwa miguu nikipika. Mchana tulisikia mara tatu, kwa mbali, kupitia bodi mbili. Tulikuwa tunasimulia habari za shemeji yake Gakii aliyekimbiwa na mke, na kila ikilia tunanyamaza, halafu tunaendelea pale tulipoachia. Unazoea? Hapana. Unajifanya tu.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri gari la mzee likasimama nje. Bu Hamad aliingia mwenyewe hoshini, kanzu nyeupe, ghutra ya kichwani imepigwa pasi, na Moza nyuma yake na abaya na raba za michezo. Mkono wa mzee ulikuwa na ile saa yake kubwa inayocheza kwenye mkono uliokonda. Khalfan akatoka na mbao, imefungwa kwenye kanga, ameibeba kwa mikono miwili. Nyuma yake mlangoni aliacha begi lake. Nililiona. Alikuwa ameshafungasha.

Akamfunulia mzee. 

Mzee akaitazama, akasema mashaallah, kama inavyosemwa kwa kitu chochote kizuri. Akaipokea. Akapitisha gumba kwenye shingo ya mbao, likaangukia pale palipoliwa, na uso wake ukabadilika. Mzee ni wa mkono wa kulia, namwona kila siku. Lakini aliiweka begani kushoto. Polepole. Akainamisha shavu.

Likaingia.

Sijui alikaa hivyo muda gani. Ndege ya kwenda Hamad ilipita juu yetu, ndiyo, hata uwanja wa ndege hapa una jina hilo, na hakusikia. Macho yalikuwa yamefumba. Moza alisimama akitazama baba yake amelala usoni mwa kaka yake, maana ndivyo ilivyokuwa, mfupa juu ya mfupa. Gakii alikuwa amenikamata mkono mpaka bangili zinaniumiza.

"Hii ni ya Hamad," Moza akasema mwisho. Kwa Kiarabu, lakini hilo hata Gakii alilielewa.

 Moza akanyoosha mikono, akaichukua kwa nguvu kidogo, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kitu. Akaiweka begani kwake kulia. Kitako kirefu, mkono wake haukufika. Shavu lake lilikaa upande usio na kitu. Akaishusha.

"Baba, mimi siwezi kupiga na hii. Fundi akitoe hicho kibonde."

"Hapana."

"Baba."

"Nimesema hapana. Ibaki hivi. Nitaiweka majlisi."

"Unaona kutaja jina lake kutwa hakutoshi?" Alisema kwa upole, lakini alisema. "Unataka na uso wake tuutundike ukutani?"

Nilimwangalia Khalfan. Akili yake naijua, ilikuwa inakwenda kwenye begi. Mbao ikiondoka vile, yeye amesalimika, chumba chake kimesalimika, Ijumaa imetimia na jua bado liko juu. Angeweza kunyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza.

"Mzee," akasema, kile Kiarabu chake cha kitabuni, kila herufi mahali pake. "Nilikosea. Nilifahamu haki, kumbe ulisema ya. Kosa ni langu. Nipe niirekebishe hapahapa, mbele yako. Haitoki hivi. Haitulii hivi. Mwulize jirani yangu."

Mzee akamgeukia Gakii. Gakii hana Kiarabu zaidi ya yalla na khalas. Lakini aliulizwa kwa macho, na alijibu kwa mkono: akashika hewa, akavuta, akasukuma. Komeo. Kach-kach. Halafu akaonyesha sikio lake.

Mzee alikaa. Si kwenye kiti, kwenye ngazi ya saruji, na kanzu yake nyeupe. Moza akamshika bega. "Alikuwa anafanya hivyo chumbani kwake," mzee akasema, hakuwa anatuambia sisi. "Bila risasi. Mchana. Nilikuwa nampigia kelele anyamaze nilale."

Baada ya hapo akamwinulia Khalfan kidevu: fanya.

Khalfan aliinamia kazi palepale hoshini. Alimpima Moza mkono, kutoka kunjo la kiwiko mpaka kidole, akakata kitako. Akaishika randa. Gakii alishika msalaba wake shingoni. Randa ikagusa. Ukatoka unyoya wa mbao mrefu, mwepesi, ukajikunja wenyewe. Hakikulia kitu. Ukatoka wa pili. Mzee alinyoosha mkono akawa anazipokea zinapoanguka, moja moja, na zilizomponyoka upepo ulizipeleka chini ya gari la Herbert lililoegeshwa pembeni na hakuna aliyezifuata.

Kibonde kilipokwisha, Khalfan akapiga msasa, halafu akaniomba maji ya moto na kitambaa cheupe. Hiyo ni kazi ya kawaida, mafundi wote wanafanya: unaifuta mbao kwa maji, nyuzi za mti zinasimama, zikikauka unapiga msasa tena, inakuwa kama ngozi. Nikaleta beseni. Khalfan akachovya kitambaa. Mbao mbichi ya mkunazi ikipata maji ya moto inatoa harufu, na mimi na Khalfan tuliisikia pamoja, tukatazamana. Kwetu, na kwao, majani ya mti huo ndiyo yanayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Hata uwe mtoto, ukishawahi kupita mlangoni siku ya msiba, pua yako inajua.

Mzee aliinua kichwa.

Alivua saa. Akakunja mikono ya kanzu. Akamwondoa Khalfan kwa kiganja, bila ukali, akachukua kitambaa, na akaanza. Upande wa kulia kwanza. Kutoka juu kushuka chini, akikamua, akichovya upya. Halafu wa kushoto. Halafu akageuza, taratibu, amekinga kwa mkono wa chini kama kwamba kuna kichwa kinachoweza kuning'inia, akafuta mgongoni. Akarudia mara ya pili. Akarudia ya tatu. Midomo ilikuwa inakwenda bila sauti. Moza aliligeuza beseni kumwelekea, akawa anamwagia maji. Khalfan alisimama ameinamisha kichwa, mikono mbele. Herbert, aliyekuwa ametoka na singilendi yake, alirudi ndani akavaa shati, akatoka tena.

Gakii hakujua anachokiona. Wao kwao ni mambo mengine. Lakini alivuta leso yake kutoka kiunoni akaifunika kichwani.

Mzee alipomaliza, aliikausha kwa ncha ya ghutra yake mwenyewe. Akampa Moza. Akasema maneno ya kuagana, yale ya kila siku, na akatoka getini mkono mmoja umefumba nyoya za mbao. Moza akaibeba mbao begani, upande wa kulia. Gari likaondoka.

Tulibaki tunasikiliza. Tulisikiliza sana. Kipoza hewa cha Herbert, basi la kampuni barabarani, mtoto wa nyumba ya pili anakataa kuoga. Hakuna kingine.

Gakii aliingia chumbani kwa Khalfan peke yake, akasimama katikati, akatoka. Akalichukua lile begi pale mlangoni, akalirudisha ndani, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Hakusema samahani, Gakii hasemi samahani. Alikwenda jikoni kwangu, akanifukuza kwenye jiko langu, akapika chapati na ndengu za watu kumi, na kila aliyepita njia aliambiwa aende akaoshe mikono.

Khalfan alikuwa amebaki nje ya geti, amechuchumaa ukutani, jua ndiyo linazama. Mikono yake ilikuwa bado na maji. Ndani tulikuwa tumeshakaa wote, mimi, Athumani, Herbert, na wageni wawili wa Herbert, mkeka umejaa. Hakukuwa na mtu mwingine barabarani, nilikuwa namwona vizuri kupitia mlango ulio wazi: Khalfan, ukuta, na mchanga mtupu mpaka kwenye nguzo ya taa.

Gakii alisimama kizingitini na mwiko mkononi. Akamtazama Khalfan. Halafu akatazama kushoto kwa Khalfan, kwenye usawa wa uso wa mtu aliyesimama, na akashusha sauti kama anavyoongea na watu asiowazoea.

"Kujeni ndani," akasema. "Kujeni nyote wawili mkule."